Siku Padre Alipobariki Boza Zima

Madereva wa malori wana dharau zao, na dharau kubwa kuliko zote wameiweka kwa dereva wa boza, lori la tangi la maji. Mbeba saruji humwona mbeba maji kama mtu aliyetumwa kisimani na mama yake. Sasa ongeza na hili: dereva mwenyewe ni mwanamke, mpana wa mabega, mfupi kiasi kwamba ukikutana na lori lake barabarani unaona usukani, unaona kitambaa cha kichwa, na katikati yake macho mawili yanayokwambia upishe. Ungepisha, usijidanganye. Wote walipisha. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye leseni; mji mzima ulimwita Bi Boza, na yule aliyeanza kumwita hivyo kwa kejeli alikoma mwenyewe siku lori lake lilipozama topeni likavutwa na boza lilelile alilolicheka.

Aliingia kwenye magari kama utingo wa kaka yake. Kazi yake ilikuwa kuruka chini na jiwe kila lori liliposimama mlimani, akalikinga gurudumu. Kaka alipougua macho, mwenye lori akahangaika kutafuta dereva, na huku nyuma binti alikuwa akilisogeza lori uani, mbele na nyuma, mbele na nyuma, eti analiosha. Siku moja mwenye lori akakuta limeoshwa na limegeuzwa, pua inatazama geti. Akampa funguo. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani asiyeweza kuendesha hata baiskeli. Watu walipomuuliza kama haoni haya mkewe kushinda juu ya lori, alijibu huku uzi uko mdomoni, "Haya ya nini? Sote tunakula kwa kukanyaga."

Basi huyo ndiye Bi Boza. Sasa tuje kwenye baraka.

Kila mwaka, Jumapili moja, kanisa lililoko juu kabisa ya mteremko hubariki vyombo vya moto na wanaoviendesha. Siku hiyo uwanja hujaa malori, teksi, pikipiki, trekta moja lenye kikohozi, na madereva waliooga mpaka nyuma ya masikio. Watu wanaotukanana wiki nzima barabarani husimama pale na mashati yaliyonyooshwa, mikono imefumbatwa, kama watoto wanaongoja chanjo. Padre hupita na ndoo na kitawi cha majani, akanyunyizia usukani, magurudumu, kisha kichwa cha dereva. Wengine hufungua boneti ili tone lifike kwenye injini.

Bi Boza hakuwahi kusimama foleni ile. Alikuwa muumini, Jumapili humkosi benchi la tatu, lakini siku ya magari alipita barabarani bila kuzima injini, akateremsha kioo na kuwapigia kelele, "Endeleeni kuoga. Gari linabarikiwa na pedi za breki." Madereva walicheka. Katekista, yule mwalimu wa dini aliyesimamia kila kitu pale kanisani kuanzia kengele mpaka ufagio, hakucheka. Alisema mwanamke yule atakuja kujua.

Mwaka huo ndio alikuja kujua, ila si kwa namna aliyoifikiria Katekista.

Pampu kuu ya mji ilikuwa imeungua, mabomba yote yalikuwa makavu, na kule bondeni, chini ya mteremko, ndiko iliko wodi ya wazazi. Ndani ya wodi hiyo alilala kitinda mimba wa Bi Boza, tumbo limebeba mapacha, na mapacha wamelala vibaya. Daktari alikuwa ameamua kumpasua mchana wa Jumapili ileile. Lakini alisema wazi: bila maji kwenye bomba hagusi kisu. Si ukatili. Wangeoshea nini mikono, wangeoshea nini vyombo, wangeoshea nini damu? Na hospitali nyingine ilikuwa mbali, njia yake mbovu, mgonjwa wa namna ile asingefika.

Kwa hiyo Bi Boza alikwenda kisima cha mbali kabla ya jua, akalijaza tangi mpaka likatema, na asubuhi akawa anarudi. Alikuwa amebeba maji maisha yake yote: maji ya wajenzi, maji ya harusi, maji ya misiba. Hajawahi kubeba maji ya mtoto wake wa kuzaa. Alipofika juu ya mteremko na kuliona kanisa na foleni ile, mikono yake, bila kumuomba ruhusa, ikakata kona ikaingia uwanjani.

Wa kwanza kumwona alikuwa Kifusi, dereva wa lori la mchanga, mrefu mwembamba, rafiki wa marehemu mumewe na mtani wake wa siku zote. Kifusi ni Mwislamu wa swala tano, lakini siku ya magari hakosi. Huliegesha lori lake nje ya ukuta wa kanisa na kulisomea dua zake mwenyewe. "Padre akirusha maji na upepo ukayavusha ukuta," husema, "mimi ni nani nikimbie?"

Alikuja akaegemea dirisha la boza. "Shemeji, umepotea njia?"

"Toa kiwiko chako."

"Hii foleni si ya mafuta. Hii ni ya wacha Mungu. Pedi za breki zinauzwa kule chini."

"Kifusi, leo sina mdomo."

Akaitazama mikono yake juu ya usukani. Akakitoa kiwiko. "Ni kitinda mimba?"

"Mchana huu. Wanampasua."

"Basi panga gari," alisema Kifusi, na utani wote ukamtoka usoni. "Panga, shemeji. Nitawaambia wakupishe."

Hakukuwa na haja ya kuwaambia, kwa sababu Katekista tayari alikuwa anakuja mbio, kanzu ameikunja mkononi, ndoo tupu inagonga goti. Bomba la kanisa nalo lilikuwa kavu. Magari uwanja mzima, Padre amevaa, na baraka haina hata tone.

"Bi Boza, Mungu hatutupi," alihema. "Ndoo moja tu."

"Hata mbili. Lakini mnibariki wa kwanza, nina mgonjwa."

"Wa kwanza kabisa. Leta mbele, leta mbele."

Wakampisha. Boza likasogea mpaka mbele ya mlango wa kanisa, likasimama pale jeupe na kutu zake, tangi linatoka jasho la ubaridi kama mtungi. Bi Boza akashuka, akazunguka upande wa pili, akaweka kiganja juu ya bati. Katekista akaiweka ndoo chini ya koki, akaona ina vumbi, akainyanyua tena, akaenda kutafuta kitambaa cha kuifutia.

Na hapo ndipo Padre alipotoka.

Padre alikuwa mzee wa kushika kuta. Miwani aliyovaa ilikuwa ya kusomea, inayoona herufi na isiyoona ndoo. Alikuja taratibu, akalifikia tangi, akaliegemea kwa mkono wake wa kulia ili asianguke, akafungua kitabu kwa ule wa kushoto, akaanza. Hakuna aliyemkatiza. Nani amkatize padre?

Akayaombea maji haya. Akaomba yawe kinga kwa wasafiri, yawe afya kwa wagonjwa, popote yatakapogusa pasibaki uovu wala hofu. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kizee, lakini uwanja ule, wenye wanaume wasiowahi kunyamaza kwa pamoja tangu walipozaliwa, ulinyamaza. Hata lile trekta lilizimwa. Akamaliza. "Amina" ikatoka kwenye vifua vyote, nzito, na Bi Boza akaisikia ikigonga tangi na kurudi.

Akaja Katekista na ndoo inang'aa. "Padre, samahani, tungoje kidogo. Ndoo ilikuwa tupu."

"Nimekwisha kubariki," alisema Padre.

"Umebariki nini? Ndoo ninayo mimi."

Padre akaiangalia ndoo. Akauangalia mkono wake, ambao bado ulikuwa umelalia tangi, kiganja chote, vidole vitano. Kisha akainua kichwa polepole, akalifuata tangi kwa macho kutoka mwisho mmoja mpaka wa pili, na wote uwanjani wakalifuata pamoja naye.

Shuleni, kwa sisi tuliofika pale tulipofika, tulifundishwa kwamba maji hayana rangi, hayana ladha na hayana umbo. Hatukufundishwa ufanyeje yakiwa na baraka ya boza zima. Maji ya baraka watu huyaweka kwenye chupa ndogo juu ya kabati. Huyachovya kwa ncha ya kidole. Haya hapa yalikuwa yanaweza kuogesha tembo na familia yake. Bi Boza alibaki na kiganja chake kwenye bati, upande wa pili wa kile cha Padre, na kati ya viganja viwili yalikuwa yamesimama maji yote yale, gizani, kimya. Hakuona mwanga. Hakusikia malaika. Alisikia ubaridi tu, na nyuma ya ubaridi kitu kizito kilichomwangalia. Akashika bampa, akafumba macho.

Kwa hiyo hakuona kilichofuata. Yeye, ambaye angekufukuza na spana kwa kikombe kimoja cha maji ya mteja, hakuona.

Alianza dereva wa teksi mmoja na kopo. Akafungua koki, akakinga, akaenda kumimina kwenye rejeta. Kunyunyiziwa tone ni kitu kizuri, lakini hebu fikiri, gari lako likizungusha baraka ndani ya injini usiku na mchana, mlima na bonde. Nani angekubali kupitwa? Yakaja madumu. Zikaja ndoo, makopo ya vaipa, beseni la mama mmoja. Rejeta za uwanja mzima zilimwagwa maji ya zamani, zikajazwa mapya. Wengine waliosha vioo. Katekista alikimbia huku na huku akisema, "Taratibu, kwa heshima, kwa heshima," na yeye mwenyewe, baadaye walimsema, alikuwa na dumu kwapani.

Aliyestuka ni Kifusi. Alikuwa amekuja kuchungulia kutoka nje ya ukuta. Akalisogelea tangi, akaligonga kwa kifundo cha kidole, chini: likajibu nzito. Akagonga katikati: likajibu tupu, kama ngoma.

"Fungeni koki," alisema.

Mmoja akaifunga.

"Shemeji. Njoo usikilize."

Bi Boza akaja. Akagonga mwenyewe. Akagonga tena. Na watu wote wale, ambao kila mmoja alijua jambo hili tangu siku ya kwanza ya kazi, walilikumbuka kwa pamoja, na rangi zikawatoka.

Jambo lenyewe ni hili. Boza lililojaa ni lori zito tu, linateremka kwa adabu. Boza tupu ni jepesi, halina neno. Lakini boza nusu lina mtu ndani. Ukikanyaga breki, maji yanakimbia mbele, yanagonga ukuta wa tangi na kulisukuma lori. Ukiachia, yanarudi nyuma yakijikusanya kwa mara nyingine. Maboza mapya yamewekewa vizuizi ndani vya kuyakata. La Bi Boza lilikuwa la zamani, ndani wazi kama ukumbi. Na kutoka pale kanisani mpaka wodi ya wazazi njia ilikuwa moja, mteremko mtupu, kona moja katikati, na mwishoni ukuta wa hospitali.

"Tuyarudishe," alisema dereva wa teksi, sauti imekonda.

"Utayarudisha kutoka wapi?" Kifusi akamuuliza. "Utanyonya rejeta?"

Kwenda kisimani tena ilikuwa mpaka jioni. Daktari asingengoja jioni, wala watoto wale wasingengoja. Bi Boza alivuta pumzi. "Nusu inawatosha," alisema. "Mradi ifike."

Hapo Katekista akapata jambo la kuongeza, maana watu wa aina yake hawakosi. "Hata ikifika, mama, haiwezekani. Maji ya baraka hayamwagwi ovyo. Hayaendi mferejini. Kule hospitali yatafanyiwa nini?"

Padre alikuwa ameketishwa kwenye kiti mlangoni. "Jibu, mama," alisema. "Yatafanyiwa nini?"

Bi Boza angeweza kudanganya. Akatazama chini. "Wataoshea mikono, Padre. Wataogesha watoto. Watafulia mashuka yenye damu, watapiga deki. Na vyoo pia. Siwezi kukuficha, na vyoo."

Padre alifumba macho. Ilionekana kama amesinzia. Bi Boza aliitazama midomo ya mzee yule kama mtu anayetazama taa ya njiapanda, kwa sababu alijua moyoni kwamba akikatazwa atakwenda hivyohivyo, na kwamba kwenda akiwa amekatazwa ni kitu ambacho asingepona.

"Nimesoma ile sala tangu nikiwa kijana," hatimaye Padre alisema. "Kila mwaka. Popote yatakapogusa. Nimesema hivyo kwa mdomo wangu, juu ya ndoo." Akainuka kwa kushika mlango. "Peleka, mama. Nipandisheni."

"Upandishwe wapi, Padre?" Katekista aliuliza.

"Mbele, karibu na dereva. Nitawekaje mkono huku juu halafu nimwache ateremke peke yake?"

Ilichukua watu wanne kumpandisha, mmoja akisukuma mahali ambapo padre hasukumwi. Kifusi alikuwa tayari ameondoka. Walimwona akitoka na lori lake la mchanga, limejaa, akaliweka mbele kabisa kwenye mdomo wa mteremko, mgongo kwa boza. Akatoa kichwa dirishani.

"Shemeji, mimi natangulia. Likikuelemea usipambane nalo, njoo uniegemee. Mchanga haukimbii."

"Na wewe ukielemewa?"

"Mimi nina wangu wa kumwegemea. Twende."

Na wale madereva wengine, wenye baraka kwenye rejeta zao na aibu nyusoni, hawakuagizwa na mtu. Kila mmoja alikwenda kwenye gari lake akachukua kitu anachokingia gurudumu, jiwe, gogo, kipande cha chuma. Wakateremka kwa miguu, wakajipanga kando ya njia, kulia na kushoto, kutoka juu mpaka ilipopotelea kwenye kona, kila mtu na jiwe lake mikononi. Mashati meupe. Bi Boza aliwaona kupitia kioo, akafikiri hajawahi kuona maandamano ya kanisa yaliyonyooka vile.

Akatia gia ya kwanza.

"Nisali kwa sauti?" Padre aliuliza.

"Kimoyomoyo, Padre. Nataka niyasikie maji."

Lori likainamisha pua. Nyuma ya viti, maji yakaamka. Yalikuja mbele taratibu, yakagusa ukuta wa tangi, dum, kama mtu anayebisha hodi kwa bega. Bi Boza hakukanyaga breki. Aliacha injini igune, iungurume, ilishike lori. Maji yakarudi nyuma. Yakaja tena, dum. Alikuwa akihesabu pumzi zake kwa pumzi zao. Maisha yake yote aliyajua maji kama mzigo, na mzigo ukishaujua unakuzoea nawe unauzoea. Haya hakuyajua. Alihisi amembeba mgongoni mtu mkubwa aliyelala, asiyetakiwa kuamshwa, ambaye akiamka atasimama na dunia yote itamtosha kiatu kimoja tu. Jasho lilimtiririka, na bado, katikati ya hofu ile, kulikuwa na jambo lililomshangaza: hakutaka safari iishe.

Madereva walipita dirishani mmoja mmoja. Boza lilipomfikia, kila mmoja aliinama kidogo, jiwe mkononi.

Kwenye kona lori la Kifusi lilipunguza, kama lilivyolazimika kupunguza. Bi Boza akagusa breki, kidogo tu, kama anavyogusa mtu chai ya moto. Maji yote yakaja. Hayakubisha hodi safari hii. Lori likaruka mbele, tairi za nyuma zikalia, Padre akashika dashibodi kwa mikono miwili, na kando ya barabara wanaume walipiga hatua mbele wote kwa pamoja. Bi Boza alifanya kitu ambacho dereva hafanyi. Aliuondoa mguu kwenye breki.

Bampa la boza likaugusa ubao wa nyuma wa lori la mchanga. Halikugonga. Liliegemea, kama mtu anavyomwekea mwenzake kichwa begani. Mchanga kidogo ukamwagika juu ya boneti. Kifusi hakuongeza wala hakupunguza, alijibeba na akaubeba uzito ule mwingine wote, na malori mawili yakaikata kona yakiwa yameshikana, yakashuka hivyo, injini mbili zinaunguruma wimbo mmoja, mpaka njia ikanyooka, ikalala, na maji yakarudi nyuma mara moja, mbili, yakatulia.

Wakasimama mbele ya geti la wodi. Kifusi alishuka akaja kuukagua ubao wake. Akapitisha kidole kwenye mchubuko.

"Umenichubua rangi, shemeji," alisema.

Bi Boza akakung'uta mchanga uliomwagika kwenye boneti.

Nesi mkuu alikuwa getini na saa yake mkononi, mwanamke mkali asiye na habari ya kilichotokea juu. Kwake yale yalikuwa maji yaliyochelewa. "Vuta mpira, vuta mpira," aliamuru, na wakauvuta, wakaunganisha na pampu, maji yakapanda kwenye matangi ya juu ya paa. Mabomba ndani yakakohoa. Yakatema kutu. Kisha yakafunguka, wodi nzima, mabomba yote kwa mpigo, na ile sauti ikapita kwenye korido kama watu wengi wanaonong'ona. Bi Boza alisimama mlangoni, kichwa wazi, kitambaa kimemwangukia shingoni.

Walimpitisha kitinda mimba kwenye kitanda cha magurudumu. Akamwona mama yake. Kisha akamwona Padre, na macho yakamtoka.

"Mama. Umekuja na Padre? Kwani hali yangu ni hiyo?"

"Nimekuja na maji, binti yangu," Padre aliwahi kusema. "Huyu ndiye dereva. Mimi ni utingo."

Binti akacheka huku uchungu unamkata, na milango ikafungwa wakati bado anacheka.

Nani ana lugha ya kuelezea kungoja kule? Bi Boza hakukaa. Aliyafuata maji. Alimwona daktari kupitia kioo akijiosha mpaka viwikoni, taratibu, kila kidole. Aliona vyombo vikichemshwa. Aliona mwanamke mmoja asiyemjua akijaza chupa na kumnywesha mama yake mgonjwa. Aliona mashuka mekundu yakizamishwa kwenye karai na maji yakibadilika rangi, na alingoja moyo wake ukatae, useme hapana, hii ni kufuru. Moyo haukusema. Aliona mtu wa usafi akimwaga ndoo chooni na kusugua. Yote yalikuwa ni yale yale. Hakuna aliyejua. Waliyatumia kwa haraka, bila kuinamisha vichwa, wakayaacha yaende, na kila mahali yalipokwenda pakawa safi. Akaufuata mfereji mpaka mwisho wake, nyuma ya jengo, pale maji yanapopita chini ya ukuta na kuingia ardhini. Padre alikuwa amefika pale kabla yake. Walisimama bega kwa bega. Padre alivua ile miwani ya kusomea, akaifuta, akairudisha.

Kisha kilio. Kimoja, chembamba, chenye hasira. Na kabla hakijavuta pumzi, kingine.

Bi Boza alirudi mbio, mbio za mtu mwenye mabega mapana, na akasimama ghafla. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kwa mbali aliona kichwa cha bintiye kikigeuka juu ya mto, hai, na karibu yake mkunga akimwogesha mtoto wa kwanza kwenye beseni, maji yanamwagika kutoka kwenye mikono midogo. Lakini kati yake na wao ilikuwepo korido, na korido ndiyo kwanza ilikuwa imepigwa deki. Sakafu yote ilikuwa imelowa, inang'aa mpaka ukutani, na dirisha limelala ndani yake.

Mwanamke wa deki aliegemea mti wa deki lake. "Pita tu, mama. Bibi wa watu unasimama nini? Wajukuu hao."

"Nitapakanyaga."

"Si ndiyo kazi yake? Ni maji hayo."

Bi Boza aliinama, akafungua kamba za buti zake zilizojaa mafuta na tope la kisimani. Akazivua, akaziweka pamoja kando ya ukuta. Akavua na soksi.

"Utashikwa na baridi, mama yangu," alisema mwanamke wa deki.

"Acha inishike," alisema Bi Boza, na akaweka unyayo wake wa kwanza.